Asiyeujua uyoga kwa jina asiutie chunguni

Mvua za masika zinapoanza, ardhi hutoa vitu ambavyo mkulima hakuvipanda. Katika sehemu nyingi za magharibi mwa nchi yetu, siku chache baada ya ngurumo za kwanza, akina mama na watoto hudamka alfajiri kwenda kuvitazama vichuguu, kwani uyoga hauna subira: ukichelewa hadi adhuhuri utaukuta umeliwa na funza au umechumwa na jirani. Waluhya huuita obwoba, Waluo huuita obuolo, na Wakikuyu huuita ikunu. Kando ya barabara huuzwa kwa mafungu juu ya majani ya mgomba, na siku hiyo mwenye kuujua utamu wake hataki kusikia habari za nyama.

Lakini msimu huo huo wa neema ndio msimu wa matanga kwa baadhi ya jamaa. Si mara moja wala mbili nimesoma habari za familia iliyokula chajio pamoja, na kabla ya juma kupita ikawa inachimba makaburi. Majirani husema wamerogwa. Wengine husema ni mapenzi ya Mungu, na mjadala ukafungwa hapo hadi mvua nyingine inyeshe. Mimi naona kwamba uchawi haumo, na kwamba si haki kumtwika Mungu mzigo ambao ni wetu. Watu hao wameuawa na ujinga wa aina ya pekee: ujinga uliovaa nguo za elimu.

Nieleze maana yangu. Mtu asiyejua lolote kuhusu uyoga haugusi. Anauogopa, na hofu hiyo humlinda. Mtu aujuaye vyema huula bila wasiwasi miaka nenda miaka rudi. Anayeangamia ni yule wa katikati, aliyerithi hamu ya uyoga kutoka kwa wazee wake lakini hakurithi maarifa yao, na mahali pa maarifa hayo ameweka kanuni fupi fupi alizozisikia njiani.

Kanuni zenyewe tunazijua sote. Ya kwanza husema kwamba uyoga ulioliwa na wadudu au wanyama hauna sumu. Ni uongo. Konokono hutafuna uyoga wenye kumwua binadamu, wakaendelea na safari yao salama. Tumbo la konokono si tumbo la mtoto wako.

Ya pili husema kwamba uyoga wa sumu hujitambulisha kwa rangi kali, harufu mbaya au uchungu ulimini. Huu nao ni uongo, na ni wa hatari zaidi. Uyoga unaoongoza kwa kuua duniani una kofia ya rangi ya kijani kilichofifia au ya manjano iliyopauka, wala hautishi macho, na walioponea chupuchupu baada ya kuula wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu.

Ya tatu husema kwamba ukichemsha sana, ukamwaga maji na kutia chumvi, au ukiukausha juani, sumu hutoka. Zipo sumu zinazopunguzwa na moto, lakini ile iuayo zaidi haijali moto wala jua wala barafu. Chemsha kutwa, itabaki chunguni ikikungoja.

Ya nne husema kwamba sarafu au kijiko cha fedha kitabadilika rangi kikitiwa katika mchuzi wenye sumu, au kwamba kitunguu kitageuka cheusi. Hakuna sumu ya uyoga inayojulikana kufichuliwa kwa njia hiyo. Ya tano husema kwamba uyoga unaoota juu ya gogo ni salama daima. Huko Ulaya na Marekani upo uyoga mdogo wa rangi ya hudhurungi uotao juu ya magogo yanayooza, nao una sumu ile ile ya kuua ini.

Msomaji atauliza: ikiwa kanuni zote hizi ni batili, wazee wetu waliishije? Jibu ni kwamba wazee hawakutumia kanuni. Walitumia majina. Hawakuuliza, "Je, uyoga huu una sumu?" Waliuliza, "Huu ni nani?" Kila aina waliyoila ilikuwa na jina lake, msimu wake, mahali pake pa kuota, na alama zake zote kwa pamoja. Kilichokosa jina hakikuingia jikoni, hata kama kilipendeza kama nini.

Nyanya aliyenilea hakujua kusoma wala kuandika, lakini katika jambo hili alikuwa mwanasayansi. Alipoukuta uyoga wa kichuguu hakuukata shingo. Alipiga magoti, akapenyeza kijiti kando ya shina, akaufuata mzizi wake chini kwa chini. Aligeuza kofia akatazama upande wa ndani. Aliipapasa ile ncha iliyo katikati ya kofia. Alitazama kichuguu chenyewe, akakumbuka iwapo mwaka uliotangulia kilitoa uyoga wa aina hiyo hiyo. Alama moja ilipokosekana, uyoga ulibaki porini, na sisi watoto tulifahamu kwamba hapo hapana kubembeleza.

Sayansi ya leo inampa haki. Uyoga wa vichuguu ni wa jenasi ambayo wataalamu huiita Termitomyces, yaani kuvu ya mchwa. Mchwa hukusanya majani makavu na vijiti, wakavitafuna, wakavijengea bustani chini ya ardhi ambamo kuvu hii huota na kumeng'enya kile ambacho wao wenyewe hawawezi. Kisha wanaila. Ushirika huu ulianza hapa Afrika takriban miaka milioni 30 iliyopita, ilhali kilimo cha binadamu kina umri wa miaka 10,000 na ushei tu. Ule mzizi mrefu ambao nyanya aliufuata ndio kamba inayoiunganisha kofia na bustani ya mchwa, nayo ncha ngumu ya kofia ndiyo inayotoboa udongo ulioshikamana. Katika aina kubwa za uyoga huu, mzizi na ncha ni vitambulisho vya ukoo. Isitoshe, kwa kuwa kuvu hii haiwezi kuachana na mchwa wake, haijawezekana kuizalisha kwa ajili ya biashara kama uyoga mwingine. Anayeutaka hana budi kuufuata kichuguuni, na kwa hiyo hana budi kuujua.

Sasa tuwatazame maadui wawili, maana mwenye kumjua rafiki bila kumjua adui amejua nusu tu.

Wa kwanza hupatikana katika nyasi, viwanja vya michezo na nyua za nyumba kotekote katika nchi za joto. Jina lake la kisayansi ni Chlorophyllum molybdites. Ni mkubwa, mweupe, una magamba ya rangi ya hudhurungi juu ya kofia na pete kwenye shina. Ungali mchanga, zile kurasa nyembamba zilizo chini ya kofia huwa nyeupe, na ni hapo unapowadanganya wengi. Unapokomaa, kurasa huanza kuwa za kijani. Aulaye hushikwa na tumbo baada ya saa 1 hadi 3 hivi. Hutapika na kuhara hata akaishiwa na maji mwilini. Kwa kawaida mtu mzima hupona, lakini kwa mtoto mdogo aliye mbali na zahanati kuishiwa na maji si jambo dogo.

Wa pili ni mwuaji hasa. Ni Amanita phalloides, ambao Waingereza wameupa jina la kofia ya mauti. Asili yake ni Ulaya. Haukuja Afrika kwa miguu: kuvu ya aina hii huishi mizizini mwa miti, na miti ya kigeni ilipoletwa, kuvu zake zilifuatana nayo. Umepatikana katika mashamba ya misonobari nchini Tanzania na Afrika Kusini. Nasi tuna misonobari mingi iliyopandwa katika nyanda zetu za juu, kwa hiyo mwenye busara hatangoja kuthibitishiwa kwa maiti. Alama zake ni kurasa nyeupe, pete kwenye shina, na kifuko cheupe kama ganda la yai lililopasuka ambacho hufunika kitako cha shina. Kifuko hicho mara nyingi kimefukiwa udongoni. Akatiaye uyoga kwa kisu juu ya ardhi ameiacha ardhini alama ambayo ingemwokoa. Ndiyo sababu nyanya alichimba.

Ujanja wa sumu yake unastahili kufundishwa katika kila darasa. Mwenye kuila hulala salama. Maumivu huanza baada ya saa 6 hadi 24, na wakati huo chakula kimekwisha kusahauliwa. Mtu hutapika na kuhara vibaya kwa siku moja au mbili, kisha hupata nafuu. Jamaa humshukuru Mungu na pengine humrudisha nyumbani kutoka hospitali. Kumbe nafuu hiyo ni ya uongo, kwani wakati huo sumu inaendelea kulila ini, na siku chache baadaye macho hugeuka manjano, fahamu hupotea, na mara nyingi hakuna la kufanya isipokuwa kupandikiza ini jingine, jambo ambalo wengi wetu hatuna njia ya kulipata. Nusu ya kofia moja yatosha kumwua mtu mzima.

Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya watu wasiojali. Sivyo. Mwezi Agosti 2021, jamaa za Waafghanistani waliookolewa kutoka nchi yao walipelekwa Poland na kuwekwa katika kituo cha wakimbizi karibu na Warszawa. Familia moja ilichuma uyoga katika msitu uliokuwa karibu, ikapika supu. Watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, walifariki mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Wazazi hao hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wageni katika msitu ambao majina yake hawakuyajua.

Mkasa huo unatufundisha kwamba elimu ya uyoga ni elimu ya mahali. Huwezi kuihamisha kama unavyohamisha kanuni ya hesabu. Katika misitu ya miombo, kuanzia Tanzania kupitia Zambia hadi kusini mwa Kongo, wanavijiji hula kwa furaha uyoga wenye pete na kifuko, ndugu wa ukoo wa ule muuaji, nao hawafi, kwa sababu wanaujua huo mmoja kwa jina na kwa alama zake zote. Mkenya akienda huko akaula kwa mwenyeji wake, kisha akarudi nyumbani akitafuta "ule wenye kifuko" chini ya misonobari, ameibeba kofia ya elimu na kuuacha mzizi.

Na hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Vijana wengi tunaowafundisha sasa wamezaliwa au kukulia mjini, au wanaishi vijijini lakini siku yao imejaa masomo kuanzia alfajiri hadi magharibi. Hawana muda wa kuandamana na nyanya kichuguuni. Nyanya naye anazeeka. Kila anapozikwa mmoja, yanazikwa majina kumi au ishirini ambayo hayakuandikwa popote. Kitabu kikubwa cha kitaalamu kuhusu uyoga wa Afrika Mashariki, alichokiandika D. N. Pegler, kilitolewa mwaka 1977. Ni kazi ya kuheshimika, lakini imeandikwa kwa Kiingereza cha wanabotania, na mama wa kijijini hatanufaika nayo. Jirani zetu wa Tanzania wametutangulia kidogo: mwaka 2003 Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu kuhusu uyoga wa nchi hiyo, wakitilia maanani maarifa ya wanavijiji wenyewe. Nasi tuna jukumu la kufanya vivyo hivyo, na hatuhitaji kungoja wageni watuanzishie.

Napendekeza mambo manne, na yote yanawezekana katika shule isiyo na maabara.

La kwanza, kila shule iliyo katika eneo la uyoga iwe na daftari la uyoga. Wanafunzi watumwe kwa wazee wao wakaulize majina, misimu, mahali pa kuota na alama. Waandike kwa lugha ya mama na kwa Kiswahili, wachore, wala wasiule uyoga wowote kwa sababu ya zoezi hilo. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kungoja hadi asiwepo wa kuulizwa.

La pili, wafundishwe kuchimba uyoga mzima pamoja na kitako chake, kuugeuza na kuusoma kutoka chini kwenda juu. Kuushika kwa mkono hakudhuru, ila mikono ioshwe baadaye.

La tatu, wafundishwe kupata chapa ya mbegu. Kata shina, laza kofia juu ya karatasi ambayo nusu yake ni nyeupe na nusu ni nyeusi, kurasa zikitazama chini. Ifunike kwa bakuli kuanzia jioni. Asubuhi utakuta vumbi laini limeandika rangi yake karatasini: la kijani ni la yule adui wa nyasini, jeupe laweza kuwa la muuaji, lenye wekundu wa waridi hutolewa na uyoga wa vichuguu, lakini pia na aina nyingine zenye sumu. Kwa hiyo wanafunzi waelewe jambo ambalo ndilo kiini cha somo zima: alama moja yaweza kukataza, lakini haiwezi kuhalalisha. Ukiona kijani, umepata sababu ya kutupa. Ukiona waridi, hujapata ruhusa ya kula. Umepata tu ruhusa ya kuendelea kuuliza.

La nne, kila mtoto ajue la kufanya mambo yakiharibika. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, apelekwe hospitali mara moja, yeye pamoja na wote waliokula naye, hata wale wanaojiona wazima. Mabaki ya uyoga, mabichi au yaliyopikwa, yabebwe ili daktari ayaone. Wasipoteze saa kwa maziwa, mafuta au maji ya chumvi. Daktari aambiwe chakula kililiwa saa ngapi na maumivu yalianza saa ngapi, kwani kuchelewa kwa maumivu ni dalili ya hatari kubwa. Na ile nafuu ya siku ya pili isimdanganye yeyote kutoka kitandani.

Wapo watakaonipinga wakisema kwamba njia rahisi ni kuwakataza watu kabisa, wale uyoga wa dukani. Siwadharau wenye maoni hayo. Hakika shule inaweza kuzalisha uyoga wa mamama kwa majani makavu ya ngano au magunzi ya mahindi, na anayeanza kujifunza angefanya vyema kuanzia hapo. Lakini uyoga wa dukani una bei, na mwenye njaa mwezi wa Aprili, ghala likiwa tupu na mahindi yangali machanga shambani, hana bei hiyo mkononi. Kichuguu hakimdai kitu. Ukimkataza bila kumfundisha, ataendelea kuchuma, ila sasa atachuma kwa siri na bila wa kumwuliza. Marufuku haijapata kumshibisha mtu. Tena tukiwafundisha watoto kuogopa kila kitu kiotacho chenyewe, tutakuwa tumewapokonya sehemu ya urithi wao kwa jina la kuwalinda.

Kwa wanafunzi nina neno moja la mwisho. Mmezoea mitihani ambayo ukipata alama 80 kwa 100 unapigiwa makofi. Huu si mtihani wa namna hiyo. Mwenye kuujua uyoga kwa asilimia 80 hajaujua. Jifunze aina moja tu kwa mwaka, ujifunze kwa mzee anayeila tangu utotoni, uione ikiwa changa, ikiwa imekomaa na ikiwa inaoza, katika masika na katika vuli, hata uweze kuitofautisha na ndugu zake ukiwa umesimama mbali. Mwaka unaofuata, ongeza nyingine. Na siku utakayokuwa na shaka, hata iwe ndogo kama chembe ya haradali, uache uyoga pale pale ulipoota, urudi nyumbani ukale sukuma wiki. Tahadhari kabla ya hatari.